Utofautishaji Fiche: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Mombasa

Jioni nyingi, jua likishapoa, mimi hukaa barazani huku Tudor na wanafunzi wa mwaka wa kwanza tukipambana na kalkulasi. Kila tukifika kwenye utofautishaji fiche, maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake ili anayesoma peke yake usiku, awe Likoni au Mikindani, asikwame kwa kukosa wa kumuuliza. Kaa na daftari na kalamu. Hesabu haisomwi kwa macho tu.

Utofautishaji fiche ni nini hasa?

Tazama milinganyo hii miwili:

y = 3x² + 5

x² + y² = 169

Katika mlinganyo wa kwanza y imesimama peke yake upande mmoja. Iko bayana. Ukipewa x, unaitia na y inatoka. Katika wa pili, y imechanganyika na x na hakuna palipoandikwa y ni sawa na nini. Hata hivyo uhusiano upo: ukiniambia x ni 5, nitakwambia y ni 12 au −12. Yaani y bado inategemea x, ila utegemezi wenyewe umefichwa ndani ya mlinganyo.

Utofautishaji fiche ni njia ya kupata dy/dx, yaani mwinamo wa mkunjo kwenye nukta yoyote, bila kwanza kuitoa y mafichoni.

Haya maneno ya Kiswahili yanatoka wapi? Chuoni tunasema vingine.

Najua. Darasani wengi husema "kudiferenshieti", na karatasi ya mtihani itakuja kwa Kiingereza, implicit differentiation. Hapa nimetumia kutofautisha, na fiche kwa kuwa y imefichika. Derivetivu (kiwango ambacho kitu kinabadilika) na fanksheni nimeyaacha yalivyozoeleka masikioni. Ukiwa na neno unalolipenda zaidi, litumie.

Ninachokisisitiza ni kimoja: mweleze mwenzako hatua moja moja kwa Kiswahili unachozungumza nyumbani. Nimekaa na wanafunzi waliokariri sentensi nzima ya kitabu na hawajui dy/dx imeingia wapi. Wakijaribu kuieleza kwa Kiswahili, pengo linajionyesha lenyewe, na hapo tunaweza kuliziba.

Kwa nini dy/dx inajitokeza kila nikigusa y, lakini nikigusa x haitokei?

Hili ndilo swali lenyewe. Ukilielewa hili, yaliyobaki ni aljebra, kwa hiyo tusiharakishe.

Tuanze na upepo. Msimu wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki hupungua na bei hupanda. Upepo haugusi bei moja kwa moja. Upepo unagusa uvuvi, uvuvi unagusa bei. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, upepo ukizidi kipimo kimoja samaki wanapungua vikapu 5, na kila kikapu kinachopungua kinapandisha bei shilingi 10. Basi kipimo kimoja cha upepo kimepandisha bei shilingi 50, yaani 5 mara 10. Hiyo ndiyo kanuni ya mnyororo: mabadiliko yakipita kwenye pete mbili, viwango vyake vinazidishwa.

Sasa njoo kwenye y². Tunachokisogeza sisi ni x. x ikisogea, y inasogea kwa kiwango cha dy/dx. Na y ikisogea, y² inasogea kwa kiwango cha 2y. Pete mbili. Kwa hiyo derivetivu ya y² kwa x ni

2y · dy/dx

Hiyo 2y usiichukue kwa imani. Fikiria y ni 12, kisha isogee mpaka 12.01. Mraba wake ulikuwa 144, sasa ni 144.2401. Umeongezeka 0.2401 wakati y imeongezeka 0.01. Gawanya: 24.01. Karibu kabisa na 24, ambayo ni 2 mara 12. Lakini hapo tumeisogeza y yenyewe. Swali letu liliuliza nini kinatokea tukiisogeza x, kwa hiyo lazima tuzidishe kwa kiasi ambacho y inasogea kila x inaposogea, na kiasi hicho ndicho dy/dx. Hatukijui bado. Tunakiandika kwa jina lake, tunaendelea na kazi, mwisho tunakitafuta.

Na x je? Nayo ina mkia wake, dx/dx, ila huo ni 1, na kuzidisha kwa 1 hakubadilishi kitu. Ndiyo maana hauonekani.

Basi kila ukiigusa y, dy/dx inaifuata kama kivuli. Mwanafunzi akiniletea jibu lililokosewa, kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye daftari lake ni y iliyoachwa bila kivuli chake.

Tufanye basi huo mlinganyo wa duara.

x² + y² = 169

Tofautisha pande zote mbili kwa x. Ya kwanza inatoa 2x. Ya pili inatoa 2y · dy/dx. Upande wa kulia 169 haisogei hata x ikisogea, kwa hiyo inatoa 0:

2x + 2y · dy/dx = 0

dy/dx = −x/y

Kwenye nukta (5, 12) mwinamo ni −5/12. Unaweza kulihakiki jibu hili kwa jiometri ya sekondari. Mstari kutoka kitovu hadi (5, 12) una mwinamo wa 12/5, na tanjenti ya duara (mstari unaoligusa kwenye nukta moja tu) hukutana na nusu kipenyo kwa pembe mraba, kwa hiyo miinamo hiyo miwili ikizidishwa lazima itoe −1. Zidisha uone.

Si ningeitoa y kwanza, kisha nitofautishe kama kawaida?

Kwa duara, unaweza. Utapata y = √(169 − x²) kwa nusu ya juu na y = −√(169 − x²) kwa nusu ya chini, utofautishe kila moja, na majibu yataafikiana na −x/y. Fanya hivyo mara moja ili moyo utulie.

Lakini angalia ulichokilipa: mlinganyo mmoja umekuwa miwili, na vipeuo vimeingia. Hiyo −x/y inahudumia juu na chini kwa pamoja. Kwenye (5, −12) inatoa 5/12 bila kukuuliza uko nusu gani. Na kuna milinganyo ambayo y haitoki kabisa kwa njia za kawaida. Jaribu kuitoa y kwenye y + sin y = x. Utakesha.

Nipe hatua za kufuata kwenye swali gumu kidogo.

Tuchukue hili, na tutafute mwinamo kwenye nukta (1, 2):

x²y + xy² = 6

Kabla ya lolote, hakikisha nukta iko kwenye mkunjo: 1 mara 2 ni 2, 1 mara 4 ni 4, jumla 6. Iko. Wengi huiruka hatua hii, na wakati mwingine swali limenakiliwa vibaya kutoka ubaoni, mtu akahangaika nusu saa na nukta ambayo haiko hata kwenye mkunjo wenyewe.

Sasa x²y. Hapa kuna vitu viwili vinavyozidishana na vyote viwili vinasogea, kwa hiyo ni kanuni ya zao: derivetivu ya kitu cha kwanza mara kitu cha pili, jumlisha kitu cha kwanza mara derivetivu ya kitu cha pili.

x²y inatoa 2xy + x² · dy/dx

xy² vilevile inatoa y² + x · 2y · dy/dx

6 inatoa 0. Ziweke pamoja:

2xy + x² · dy/dx + y² + 2xy · dy/dx = 0

Kutoka hapa kalkulasi imekwisha. Zenye dy/dx zikae upande mmoja, zisizo nayo zihamie wa pili:

(x² + 2xy) · dy/dx = −(2xy + y²)

dy/dx = −(2xy + y²) / (x² + 2xy)

Tia x = 1 na y = 2: juu ni 4 + 4 = 8, chini ni 1 + 4 = 5. Mwinamo ni −8/5.

Mahali watu wanapoanguka hapa ni patatu. Wa kwanza wanasahau kanuni ya zao na kuandika x²y inatoa 2x · dy/dx. Wa pili wanaiacha 6 ibaki 6 upande wa kulia. Wa tatu, na hawa ni wengi mno, wanaanza mstari kwa kuandika "dy/dx =" kwa mazoea, kisha ndani ya mstari huo huo dy/dx nyingine zinazaliwa, mwishowe hawajui ipi ni ipi. Usianze na "dy/dx =". Andika mlinganyo wote, pande zote mbili, utofautishe zote mbili. Usawa wa kushoto na kulia ndio uliokupa haki ya kuendelea, usiuvunje kwenye mstari wa kwanza.

Na ukiwa unataka namba tu kwenye nukta moja, tia x = 1 na y = 2 mara tu baada ya kutofautisha, kabla ya kupangapanga: 4 + dy/dx + 4 + 4 · dy/dx = 0. Yaani 5 · dy/dx = −8. Umefika kwa mstari mmoja. Lakini usiitie namba kabla ya kutofautisha, maana kila kitu kitakuwa namba isiyosogea na utapata 0 = 0.

Nitajuaje jibu langu ni sahihi kama hakuna majibu nyuma ya kitabu?

Sogea kidogo tu kwenye mkunjo wenyewe uone. Kwa swali la juu, weka x = 1.01. Mlinganyo unakuwa

1.01y² + 1.0201y − 6 = 0

Huu ni mlinganyo wa kipeo cha pili, fomula yake unaijua tangu sekondari. Kalkuleta inatoa y = 1.9841. Kwa hiyo y imeshuka kutoka 2 kwa 0.0159 wakati x imepanda 0.01. Gawanya: −1.59. Tulisema −8/5, yaani −1.6. Zimekaribiana vya kutosha, na ukisogea kidogo zaidi, 1.001 badala ya 1.01, zitakaribiana zaidi.

Napenda uhakiki huu kuliko wowote kwa sababu unakukumbusha dy/dx ni nini. Ni kiasi ambacho y inasogea x inaposogea, na umekipima kwa mkono wako.

Jibu likiwa na y ndani yake, limekamilika?

Ndiyo. Kwenye mkunjo kama duara, x moja inaweza kuwa na nukta mbili, juu na chini, na miinamo yake ni tofauti. Lazima useme uko nukta gani, na hiyo y ndiyo inayosema.

Jibu langu halifanani na la mwenzangu. Nani amekosea?

Huenda hakuna. Kwanza angalia alama: −(2xy + y²)/(x² + 2xy) ni sawa na (2xy + y²)/(−x² − 2xy). Pili, mmoja wenu anaweza kuwa ametumia mlinganyo wa asili kurahisisha, kwa mfano kubadilisha x² + y² kuwa 169. Tieni nukta moja iliyo kwenye mkunjo katika majibu yote mawili. Namba zikilingana, jaribuni nukta ya pili, kisha mkanywe kahawa.

Nani alianzisha jambo hili?

Swali la tanjenti za mikunjo iliyofungamana hivi ni la zamani kuliko kalkulasi yenyewe. Mwaka 1638 Mfaransa René Descartes alitoa mkunjo mmoja kama changamoto kwa mwenzake Pierre de Fermat, atafute tanjenti zake, na Fermat akaweza. Mkunjo huo leo unaitwa jani la Descartes kwa sababu una kitanzi chenye umbo la jani. Mmoja wa ukoo wake ni huu:

x³ + y³ = 9xy

Descartes na Fermat hawakuwa na kalkulasi. Wewe una kanuni, na kazi ni mistari mitatu:

3x² + 3y² · dy/dx = 9y + 9x · dy/dx

(3y² − 9x) · dy/dx = 9y − 3x²

dy/dx = (3y − x²) / (y² − 3x)

Nukta (2, 4) iko kwenye mkunjo, maana 8 + 64 ni 72, na 9 mara 8 ni 72. Mwinamo wake ni (12 − 4)/(16 − 6), yaani 4/5.

Kisha Isaac Newton, Mwingereza. Mwaka 1671 aliandika kitabu kuhusu njia yake, ingawa kilichapishwa 1736, yeye akiwa amefariki tangu 1727. Mfano wake wa kwanza kabisa humo ni x³ − ax² + axy − y³ = 0. Tazama: y imefungamana na x. Newton hakuanza na y iliyosimama peke yake. Yeye aliwaza kwamba x na y zote zinatiririka pamoja na wakati, kisha akauliza kasi ya moja inahusianaje na kasi ya nyingine. Naye Gottfried Leibniz, Mjerumani, alichapisha njia yake mwaka 1684, na alama ya dy/dx tunayoiandika ni yake.

Ninaieleza historia hii kwa sababu vitabu vyetu huweka utofautishaji fiche nyuma, sura ya tatu au ya nne, ukaonekana kama nyongeza kwa wajanja. Kwa Newton ulikuwa mlango wa kuingilia.

Nikipata sifuri chini ya sehemu nifanye nini?

Inategemea juu kuna nini. Sifuri ikiwa chini tu, tanjenti imesimama wima. Kwenye duara letu hiyo ni (13, 0) na (−13, 0), miisho ya kulia na kushoto. Sifuri ikiwa juu tu, tanjenti imelala.

Sifuri zikiwa juu na chini kwa pamoja, simama. Kwenye jani la Descartes hilo hutokea (0, 0), mahali mkunjo unapojikata wenyewe: tawi moja linapita likiwa limelala, la pili likiwa wima. Nukta moja, tanjenti mbili. Fomula haiwezi kukupa jibu moja kwa sababu jibu moja halipo.

Na kuna mtego mwingine ambao wengi hawauoni. Tofautisha x² + y² = −1. Utapata dy/dx = −x/y bila taabu yoyote, na inapendeza macho. Lakini miraba miwili ya namba halisi haiwezi kujumlishwa ikatoa hasi, kwa hiyo mkunjo huo hauna hata nukta moja. Umepata mwinamo wa kitu kisichokuwepo. Fomula haikuonyi. Ni juu yako kuuliza kama nukta ipo.

Jambo hili linatumika wapi hapa kwetu?

Twende gatini. Mashua iko majini, kamba imefungwa kwenye omo, yaani mbele ya mashua, na mtu amesimama juu ya gati anaivuta. Mikono yake iko mita 3 juu ya pale kamba ilipofungwa. Anavuta kamba kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, bila kuongeza wala kupunguza. Mashua inakuja kwa kasi gani ikiwa mita 4 kutoka gatini?

Takriban kila ninayemuuliza anajibu 0.5. Tuone.

Tuite x umbali wa mashua hadi gati, na L urefu wa kamba. Kwa Pythagoras:

x² + 9 = L²

Hapa x na L zote zinasogea pamoja na wakati, t. Kwa hiyo tunatofautisha kwa t, na kila herufi inayosogea inapata kivuli chake:

2x · dx/dt = 2L · dL/dt

dx/dt = (L/x) · dL/dt

x ikiwa 4, L ni 5. dL/dt ni −0.5 kwa kuwa kamba inafupika. Basi dx/dt = (5/4)(−0.5) = −0.625. Mashua inakuja kwa mita 0.625 kwa sekunde, haraka kuliko kamba inavyovutwa!

Tena kadiri inavyokaribia ndivyo inavyozidi. Ikiwa mita 12 nje, L ni 12.37 na kasi ni 0.515 tu. Ikiwa mita 1, L ni 3.162 na kasi imefika 1.58, zaidi ya mara tatu ya kasi ya mikono. Hiyo L/x imebeba hadithi yote: mbali, kamba inakaribia kulala na L inakaribia kulingana na x. Karibu, kamba inasimama na x inakuwa ndogo mno kando ya L. Ukimwona mvutaji anapunguza mkono mashua inapofika karibu, asije akaigonga gati, anafanya kwa uzoefu kile ambacho mlinganyo unakisema.

Sasa ongeza maji. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mashua imefungwa, kamba imekazwa na haibadiliki urefu, na maji yanakupwa. Kimo cha gati juu ya mashua, tukiite h, kinaongezeka:

x² + h² = L²

x · dx/dt + h · dh/dt = 0

Ikiwa h ni mita 3, x ni mita 4, na maji yanashuka mita 0.6 kwa saa, basi dx/dt = −(3/4)(0.6) = −0.45. Mashua inavutwa kuelekea gatini mita 0.45 kwa saa bila mtu kuigusa. Na maji yakizidi kupwa, x inapungua, h inaongezeka, na mvuto unazidi. Anayejua bahari huacha kamba ikiwa imelegea.

Na sin y je, pamoja na zile fanksheni za kinyume?

Hapa ndipo njia hii inapokulipa. Hujui derivetivu ya ln x? Andika y = ln x kwa sura ya pili, e^y = x, kisha tofautisha: e^y · dy/dx = 1, kwa hiyo dy/dx = 1/e^y, ambayo ni 1/x. Kwa kinyume cha sin, andika sin y = x. Unapata cos y · dy/dx = 1, na kwa kuwa cos y hapo ni √(1 − x²), jibu ni 1/√(1 − x²). Huna haja ya kukariri jedwali lote. Unalitengeneza mwenyewe hata ndani ya chumba cha mtihani.

Ndugu yao ni x^x, ambayo kanuni ya vipeo haiiwezi kwa kuwa x iko chini na juu. Chukua ln pande zote: ln y = x ln x. Tofautisha: (1/y) · dy/dx = ln x + 1. Basi dy/dx = x^x (ln x + 1).

Derivetivu ya pili je?

Tofautisha tena, ukikumbuka y bado ina kivuli. Kwa duara, dy/dx = −x/y. Kanuni ya mgao inatoa −(y − x · dy/dx)/y². Weka −x/y badala ya dy/dx, rahisisha, utapata −(x² + y²)/y³. Na x² + y² ni 169. Jibu: −169/y³. Nusu ya juu y ni chanya, jibu ni hasi, mkunjo umepinda kuelekea chini, kama tunavyouona.

Kuna njia ya mkato?

Ipo. Hamishia kila kitu upande mmoja, tofautisha kwa x ukiichukulia y kama namba isiyosogea, kisha kwa y ukiichukulia x hivyo hivyo. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, weka alama ya kutoa mbele. Kwa x²y + xy² − 6 unapata 2xy + y² na x² + 2xy, na jibu ni lile lile. Itumie kujihakiki. Ukiitumia kabla ya kuelewa kivuli cha y, swali la mashua litakushinda, maana pale kinachosogeza kila kitu ni t.

Nilifanya vizuri Kidato cha Nne. Mbona hili sikuliona?

Kwa sababu mtaala wa 8-4-4 uliishia kutofautisha polinomia, pamoja na mwinamo, kasi, mchapuko na vilele vya mikunjo. Kanuni ya mnyororo na ya zao mnakutana nazo chuoni, na mara nyingi zinapita haraka. Kama umekwama hapa, rudi nyuma juma moja ufanye maswali 20 ya kanuni hizo mbili peke yake. Siyo aibu. Ni njia fupi kuliko kung'ang'ana mbele.

Programu za simu zinaonyesha kila hatua. Nizitumie?

Baada ya kujaribu mwenyewe, ndiyo. Tafuta mstari ambapo njia yenu imeachana, ujiulize kwa nini. Ukinakili, utajikuta mtihanini huna simu na huna kivuli cha y.

Nipe maswali ya kuanzia, pamoja na majibu.

x² + xy + y² = 7, kwenye (1, 2). Jibu: −4/5.

xy = 12, kwenye (3, 4). Lifanye kwa njia zote mbili, fiche na bayana. Jibu: −4/3.

√x + √y = 5, kwenye (4, 9). Jibu: −3/2.

e^y + xy = e, kwenye (0, 1). Jibu: −1/e.

x³ + y³ = 9xy, kwenye (4, 2). Jibu: 5/4. Linganisha na 4/5 tuliyoipata kwenye (2, 4), na useme kwa nini moja ni kinyume cha nyingine.

La mwisho: ile mashua iliyofungwa, maji yanakupwa kwa mita 0.6 kwa saa, lakini sasa h ni mita 4 na x ni mita 3. Inavutwa kwa mita 0.8 kwa saa. Chora gati na kamba kwanza, ndipo uandike mlinganyo.